Nyayo za buldogi: jinsi ya kuzikagua, kuzitunza na kujua lini umwone daktari, kwa wafugaji wa Kigoma

Buldogi akianza kulamba mguu mmoja kila jioni, wengi hapa Kigoma husema kachomwa na mwiba, wakamwacha. Baada ya muda unatokea uvimbe mwekundu katikati ya vidole. Unapasuka, unatoa damu na usaha, unafunga, halafu unaota mwingine kwenye mguu wa pili. Hapo mwenye mbwa anakimbilia dukani kununua kapsuli, anampa siku tatu, uvimbe ukinywea anaacha. Mwezi hauishi, umerudi.

Mwongozo huu ni wa mfugaji huyo. Shika jambo moja tangu mwanzo: kwa buldogi, jipu la vidoleni karibu kila mara ni matokeo tu. Chanzo kiko kwenye uzito wake, nywele zake, mzio, utitiri au mahali anapokanyaga. Usipokitafuta chanzo utatibu jipu lilelile mwaka mzima, na kila mara litakuwa gumu kuliko lililopita.

Kwa nini hasa buldogi

Buldogi wa Kiingereza dume hufika kilo 25 hivi, jike kilo 23, na mzigo wote huo umekaa juu ya miguu mifupi. Wa Kifaransa ni mdogo, kwa kawaida hazidi kilo 13, lakini umbo ni la namna moja: kifua kipana, uzito umeelemea mbele. Vidole vinatanuka chini ya mzigo, na ngozi laini yenye nywele iliyo katikati yake inaanza kugusa ardhi. Ngozi hiyo haikuumbwa kukanyagiwa. Kazi hiyo ni ya zile nyama ngumu nyeusi za chini, ambazo hapa nitaziita soli.

Sasa tazama nywele za miguu yake: fupi, ngumu, zimesimama. Kila akikanyaga, zinasukumwa kurudi ndani ya ngozi. Zikikatikia humo mwili unazishambulia kama unavyoshambulia mwiba, kunavimba, kisha bakteria wanaingia. Mbwa anahisi maumivu na muwasho, analamba, ngozi inalowa na kulegea, nywele nyingine zinazama. Mzunguko huo ukishaanza haukatiki wenyewe. Watafiti wa Royal Veterinary College ya London, waliopitia kumbukumbu za mbwa waliotibiwa Uingereza, wamemkuta buldogi wa Kiingereza miongoni mwa wanaoongoza kwa majipu haya. Kwa hiyo usidhani umeuziwa mbwa mbovu. Umbo lake ndilo linalomponza, na wewe unalisaidia kwa matunzo.

Mazingira yetu yanaongeza yake. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi karibu na Mei, na miezi yote hiyo nyayo hazikauki vizuri. Kiangazi kinakuja na kokoto, vumbi, miiba ya mbigili na funza. Ukikaa karibu na mwalo, Kibirizi au Katonga, ongeza ndoano, nyuzi za nyavu na vipande vya chupa vilivyofukiwa mchangani.

Hatua ya 1: Mkague miguu kila jioni

Chagua saa ya jua kupungua, mbwa akiwa ametulia. Buldogi ana pua fupi na hewa yake ni ya shida, kwa hiyo usimlaze chali wala usimkandamize shingo. Mwache alale ubavu au akae kati ya miguu yako. Kama ana maumivu, mtafute mtu wa pili amshike huku akimsemesha. Hata mbwa mpole huuma akiguswa kwenye jipu, na kumfunga mdomo kwa kitambaa hakufai kabisa kwa buldogi: hakuna pua ya kufungia, na ukibana unamzibia pumzi. Taulo nene lililokunjwa na kuzungushwa shingoni bila kukaza linatosha kumzuia asigeuze kichwa.

Washa tochi ya simu. Anza na miguu ya mbele, ndiyo inayobeba uzito mkubwa zaidi. Panua kidole na kidole, tazama juu ya ngozi ya katikati, kisha geuza utazame chini, kati ya soli. Pitisha kidole chako polepole: unatafuta kijivimbe, joto, unyevu, au mahali anapovuta mguu. Bonyeza kila kucha kidogo uone kama inauma. Nusa. Mwisho linganisha kulia na kushoto, kwa sababu uvimbe mdogo hauonekani mpaka uuweke sambamba na mguu mzima.

Kwa mbwa mweupe au wa rangi ya maziwa kuna alama nyingine. Nywele za vidoleni zikigeuka rangi ya kutu, ujue analamba sana hata kama hujamwona. Ni rangi inayoachwa na mate.

Piga picha kila unapoona kitu. Simu yenyewe inaweka tarehe, na picha hizo zitamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka.

Hatua ya 2: Jiulize, ni mguu mmoja au ni mingi?

Hili ndilo swali lenye thamani kubwa kuliko yote, nalo halihitaji kifaa.

Mguu mmoja, ghafla, jana hakuwa hivyo: tafuta kitu kilichoingia au kilichovunjika. Mwiba, chupa, ndoano, kucha iliyopasuka. Kama ni tundu dogo linalotoa majimaji, linafunga, linafunguka tena palepale, fikiria mbegu ya nyasi yenye ncha. Mbegu hizo zina vishikizo vinavyoelekea upande mmoja, kwa hiyo zinasonga mbele tu ndani ya nyama wala hazirudi. Antibayotiki hazitaitoa. Inatolewa na daktari kwa kupasua. Kwa mbwa mzee, uvimbe wa kidole kimoja usiopona unaweza hata kuwa saratani, usiukalie.

Miguu miwili ya mbele, au yote minne, na mambo yanakuja polepole: chanzo kiko mwilini mwake au kwenye maisha yake. Hapa ndipo buldogi wengi wanapoangukia. Angalia haya:

- Wekundu, muwasho, rangi ya kutu, na mara nyingi masikio nayo machafu: mzio. Anaweza kuwa na mzio wa chakula, wa vumbi la nyumbani, au wa nyasi na chavua.
- Harufu ya uchachu, uchafu wa kahawia unaonata kwenye mizizi ya kucha na mikunjo ya vidole: fangasi wa jamii ya hamira. Hupenda unyevu, na mara nyingi hupanda juu ya mzio.
- Nywele zimenyonyoka, ngozi ina magamba au imekuwa nyeusi na nene, vidole vimevimba, hasa kwa mbwa aliye chini ya mwaka mmoja na nusu: utitiri wa demodeksi. Huu hauambukizi watu. Upele wa kawaida wa mbwa, ule unaowasha vikali na kushika ncha za masikio na viwiko, ndio unaoweza kuwawasha na wa nyumbani.
- Uvimbe mwekundu au wa zambarau unaong'aa, wenye ukubwa wa punje ya mahindi au zaidi, unaopasuka na kurudi: jipu lenyewe la vidoleni. Hili linaweza kukaa juu ya sababu yoyote kati ya hizo za juu.

Mbwa akiwa na majipu, homa, fizi nyeupe na uchovu kwa pamoja, usiishie miguuni. Kupe wa kahawia hupenda kujificha katikati ya vidole, naye huambukiza magonjwa ya damu.

Hatua ya 3: Osha, kisha kausha. Kukausha ndiko kuna kazi

Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu. Kwa kila lita moja weka vijiko vidogo viwili vya chumvi, visawazishwe visijae kilima. Mimina kwenye beseni, simamisha mguu humo dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Usimwache ayanywe. Maji haya hulainisha ngozi, hupunguza uvimbe na kuliacha jipu litoe usaha lenyewe.

Kama umepata klorheksidini ya kuoshea ngozi, ndiyo bora zaidi kwa bakteria na fangasi. Zile zenye nguvu ya asilimia 2 hadi 4 ndizo zinazotumika sana kwa ngozi ya mbwa. Paka, subiri dakika 10 kwa saa, suuza. Watu wengi husuuza mara moja, dawa ikaondoka kabla ya kufanya kazi. Ukikosa, povidoni ya iodini inapatikana karibu kila famasi: ichanganye na maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Ikiwa nzito inachoma ngozi.

Baada ya hapo chukua kitambaa safi cha pamba na ukandamize, usisugue. Ingiza ncha ya kitambaa kati ya kidole na kidole, juu na chini. Ukimaliza, pitisha kidole chako mwenyewe. Kikitoka na unyevu, rudia. Mbwa aliyeoshwa vizuri akaachwa na maji vidoleni yuko pabaya kuliko ambaye hakuoshwa. Masika fanya hivi kila anaporudi kutoka nje, hata kama hana ugonjwa, na kitambaa kikae mlangoni pa kuingilia.

Ili asilambe baada ya dawa, mvishe soksi ya mtoto iliyo safi kwa saa moja au mbili ukiwa unamwona. Usiifunge kwa mpira wala uzi, mguu utavimba. Usimvalishe mfuko wa nailoni na kumwacha nao usiku, unapika fangasi humo ndani. Kola ya plastiki ya kuzuia kulamba inaweza kutumika, ila shingo ya buldogi ni fupi na nene: hakikisha vidole vyako viwili vinapita, na kwenye joto mvue kila anapohema kwa nguvu.

Vitu vya kutomwekea kabisa

Hapa nasema bila kuzunguka, kwa sababu mbwa wanakufa kwa haya. Oili chafu ya gari, mafuta ya taa, maji ya betri, ugoro, dawa ya mbu ya kupuliza: hakuna hata kimoja kinachotibu mguu. Vinaunguza ngozi, na mbwa anavilamba vikaingia tumboni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ina vipimo vyake, na ukikisia kwa kifuniko cha chupa unaweza kumwua. Hali kadhalika ivermektini ya sindano ya ng'ombe, ambayo ni kali mno kwa mwili mdogo wa mbwa.

Mawese si sumu, na najua wengi hapa huyapaka kwa nia njema. Lakini yanashika unyevu na uchafu, yanaita sisimizi, na yanamfanya mbwa alambe zaidi. Yabaki jikoni.

Dawa za maumivu za binadamu ndizo hatari iliyojificha. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Paracetamol huharibu ini na damu. Hata nusu kidonge usikisie. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, muulize daktari.

Hatua ya 4: Jipu lenyewe

Usilikamue. Ndani mna nywele zilizokatika na usaha. Ukiminya, sehemu kubwa hupasukia chini, ikaenea kwenye nyama ya jirani, na jipu moja linazaa matatu. Endelea na maji ya chumvi ya vuguvugu. Likipasuka lenyewe, safisha, kausha, mfunike kwa soksi, fuatilia.

Jipu moja dogo, la kwanza, mbwa anakula na anatembea: unaweza kulitunza nyumbani siku tatu hadi nne ukiliangalia. Lisipopungua, au likitokea la pili, nenda kwa daktari wa mifugo. Kama hujui wa kuanzia, afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya halmashauri itakuelekeza.

Ukifika, mweleze: lilianza lini, miguu mingapi, anakula nini, analala wapi, umeshampa dawa gani. Kisha usione haya kusema hivi: "Daktari, kabla hatujaanza dawa naomba tukwangue ngozi tuone kama kuna utitiri." Ni kazi ndogo. Anakwangua kwa kisu butu mpaka damu kidogo ionekane, kwa kuwa demodeksi anakaa ndani kwenye mashina ya nywele, kisha anatazama kwa hadubini. Anaweza pia kuchukua usaha kwenye kioo aone ni bakteria au fangasi. Majipu sugu yanastahili kuoteshwa maabara ili ijulikane ni antibayotiki ipi inayomudu bakteria wale. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Tabora, kwa hiyo mwombe daktari akuambie namna ya kupeleka sampuli. Kama mambo yamekuwa makubwa zaidi, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro.

Kwa nini nasisitiza utitiri kwanza? Kwa sababu mguu mwekundu unaowasha mara nyingi hupigwa sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho, na mbwa anaonekana kapona kesho yake. Kama alikuwa na demodeksi, dawa hiyo inashusha kinga yake na utitiri unasambaa mwili mzima. Steroidi ina mahali pake kwenye mzio na hata kwenye majipu sugu, lakini utitiri ukishaondolewa kwenye hesabu. Utitiri wenyewe siku hizi unatibika vizuri kwa vidonge vya kupe vya jamii ya fluralana na afoksolana. Miaka ya nyuma ilikuwa kuogesha kwa miezi, na wengi walikata tamaa.

Ukipewa antibayotiki, jiandae kwa wiki kadhaa. Maambukizi haya yamezama chini sana ya ngozi, na juu panaweza kuonekana pamepona wakati chini bado. Acha pale daktari atakapoukagua mguu na kusema acha. Kukatisha njiani ndiko kunakozalisha bakteria wasiosikia dawa, na bakteria hao wanakaa nyumba moja na wewe na watoto wako. Upasuaji wa kuondoa ngozi ya katikati ya vidole upo, ila ni wa mwisho kabisa.

Hatua ya 5: Funza na kupe

Funza si mwenyeji wa bara hili. Aliingia Angola mwaka 1872 kwa meli kutoka Brazil, akatembea na misafara ya biashara na majeshi hadi akafika pwani ya mashariki kabla karne hiyo haijaisha. Ujiji na Tabora zilikuwa kwenye njia hizo hizo. Leo anakaa kwenye mchanga mkavu wa kivulini, chini ya banda, barazani kwenye sakafu ya udongo, na mbwa humhifadhi na kumzungusha kijiji kizima.

Kwa buldogi mtafute pembeni mwa soli, kwenye mizizi ya kucha na kati ya vidole. Utaona duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Jike huzama akiwa mdogo kuliko punje ya chumvi, akavimba kwa mayai ndani ya wiki moja au mbili mpaka ukubwa wa punje ya choroko, na huanza kuyamwaga nje kupitia nukta ile.

Akiwa mmoja au wawili, osha mguu, chemsha sindano, fungua ukingo wa ngozi polepole na umtoe mzima bila kumpasua. Paka iodini iliyochanganywa na maji. Sindano hiyo usiitumie kwa mtu. Wakiwa wengi usimchokoe mbwa usiku kucha, mpeleke kwa daktari apewe dawa ya kuwaua na antibayotiki kama kuna vidonda. Kisha rudi kwenye chanzo: mwagia maji na ufagie anapolala, toa mchanga uliolegea, weka saruji au angalau ubao ulioinuliwa. Kagua miguu ya watoto siku hiyohiyo. Funza aliye kwa mbwa yuko pia kwa mtoto anayecheza naye.

Kupe mtoe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimmwagie mafuta ya taa wala kumchoma kwa njiti. Tumia dawa ya kuzuia kupe mwaka mzima, maana huku hatuna baridi ya kuwapunguza.

Hatua ya 6: Uzito na chakula

Weka viganja vyako kwenye mbavu zake. Unapaswa kuzihisi bila kubonyeza kwa nguvu, na ukimtazama kwa juu uone kiuno kidogo. Buldogi asiye na kiuno ana vidole vilivyotanuka, na hakuna sabuni wala kidonge kitakachoshinda kilo tano za ziada. Sinia la ugali asubuhi na jioni ndilo kosa la kawaida. Punguza kidogo kidogo, pima kwa bakuli lilelile, na mpime uzito kila mwezi: pandeni mzani pamoja, kisha upande peke yako, utoe.

Kwa mzio wa chakula hakuna kipimo cha damu cha kutegemewa. Kipimo ni kumlisha kwa mpangilio. Mbwa wengi wa Kigoma wamekua kwa dagaa, vichwa vya migebuka na ugali, pengine na nyama ya ng'ombe. Chagua nyama ambayo hajawahi kula, labda sungura, mbuzi au bata, na wanga mmoja tu ambao hajauzoea, kama viazi vitamu. Mlishe hivyo tu kwa wiki 8 kamili. Kama bado mdogo, daktari akupangie, kwa kuwa chakula hicho kina upungufu kwa mbwa anayekua.

Ugumu uko kwa watu wa nyumbani na majirani. Kipande kimoja cha samaki kutoka kwa mgeni kinaharibu wiki zote, kwa hiyo waambie wote mapema, watoto hasa. Akitulia, mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirudi ndani ya wiki mbili, umeshampata mchawi. Usiporudi, si chakula, geukia vumbi na nyasi: fua matandiko yake kila wiki kwa maji ya moto na mpanguse nyayo kila anapotoka nje.

Na kwa mbwa yeyote, mwenye mzio au asiye nao: mahindi yaliyoota ukungu usimpe. Sumukuvu inaua mbwa haraka kuliko inavyoua watu. Makombo yenye vitunguu nayo yaache.

Hatua ya 7: Ardhi, jua na kucha

Mtembeze saa 12 hadi saa 1 asubuhi, au jioni jua likizama. Kabla ya kumpitisha kwenye lami ya kwenda Ujiji, weka mgongo wa kiganja chako barabarani. Usipoweza kuuacha hapo sekunde 7, soli zake zitaungua. Isitoshe, buldogi hupatwa na kiharusi cha joto kabla soli hazijauma. Chagua njia ya udongo mgumu au nyasi fupi. Kokoto kali zinasukuma nywele ndani ya ngozi, na sakafu ya waya bandani ni mbaya kuliko kokoto.

Akichomwa na ndoano ufukweni, usivute kurudi nyuma. Ina jino. Kata uzi ukiacha kipande kifupi, mzuie asilambe, vinginevyo itahamia mdomoni, na mpeleke kwa daktari aipitishe mbele na kukata jino.

Kucha zikigonga sakafuni anapotembea, zimezidi. Kata kipande chembamba, tazama uso uliokatwa, kata kingine. Ukiona duara jeusi au la kijivu lenye unyevu katikati, simama hapo, damu iko jirani. Ikitoka, bandika unga wa mahindi na ukandamize dakika tano. Kucha ya pembeni, ile isiyogusa ardhi, haisagiki kamwe, hivyo huzunguka na kuzama kwenye nyama. Watu huisahau.

Usisubiri kesho ukiona haya

Haukanyagii mguu kabisa. Uvimbe unapanda juu ya vidole kuelekea gotini. Usaha unatoka sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Ana joto, amekataa chakula. Damu haikomi baada ya kukandamiza dakika 10. Ulimi au fizi zimegeuka bluu, na hapo tatizo si mguu tena, ni pumzi.

Kumsafirisha, tumia bajaji au gari lenye upepo, asubuhi au jioni, ukiwa na maji ya kunywa na kitambaa kilicholowa cha kumpangusa tumbo. Usimweke kwenye buti wala kumfunga juu ya bodaboda kwenye boksi. Beba picha zako, jina la kila dawa aliyotumia na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu mbwa mwenye maumivu atashikwa na mikono mingi siku hiyo. Kabla ya kuondoka kwa daktari, uliza tarehe ya kurudi kukaguliwa, uiandike kwenye kadi hiyohiyo.